Nisitiri Haikuota

Baba yangu si mtu mbaya. Nalisema mapema, maana nikifika mwisho huenda hata mimi nikawa nimelisahau.

Alikuwa bwana shamba kwa miaka thelathini na mmoja. Mpaka leo ana baiskeli ile ile ya kazini na tabia ile ile ya kuingia shambani kwa mtu na kuinama kabla ya salamu. Atapima kwa kiganja nafasi kati ya mche na mche, atakung'uta mikono, ndipo aseme hamjambo. Watu walimheshimu na kumkwepa kwa wakati mmoja. Akionekana barabarani, kina mama walificha kwanza madebe ya mbegu, kisha wakamtolea kiti.

Walikuwa na sababu. Mwaka niliokuwa darasa la tatu, ofisi ya kilimo ilileta amri kwamba yapandwe maharage ya aina moja tu, yale mafupi mekundu aliyoyataka mnunuzi. Mbegu nyingine zote ziondolewe, zisije zikachanganyika. Mabwana shamba wengine walizichoma moto huku mwenyewe anatazama. Baba aliona hiyo ni roho mbaya, akabuni njia yake. Alimwomba mwenye nyumba achemshe maji, akazimwagia mbegu, akafunika, akasubiri. Kisha alimwambia ale, kwa kuwa hakukatazwa kula, amekatazwa kupanda tu. Alijiona ana huruma kuliko wenzake wote. Ukimuuliza hata leo atakuambia hakuna nyumba aliyoiacha na njaa siku ile. Siku ile, ndiyo.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya dada yake, shangazi yangu. Shangazi alikuwa na nisitiri, maharage meusi yenye tumbo jeupe ambayo mama yao alimwachia alipofariki. Yalitambaa kwenye ua, na yalizaa ile miezi ambayo ghala limebaki vumbi na mgeni hana habari, amekuja tu. Ndiyo maana yakaitwa hivyo, kwa sababu yalimsitiri mwenye nyumba. Baba aliingia, mimi nyuma yake, akasema weka maji jikoni. Shangazi akafurahi, akadhani kaka yake amekuja kunywa chai. Akatoa vikombe vitatu, kimoja changu, chenye ua la bluu. Maji yalipochemka baba alichukua birika, akalimimina kwenye debe la mbegu mpaka tone la mwisho. Alisema hawezi kuruka mlango wa dada yake, watu watamsema. Shangazi hakulia. Alirudisha vikombe kabatini vikiwa vikavu.

Mnunuzi alikuja misimu minne. Wa tano hakuonekana, na maharage mekundu yakaliwa na ugonjwa wa kutu shambani hata kabla ya kutoa maua. Ofisi haikusema kitu. Shangazi naye hakusema kitu, ila tangu siku ile hajawahi kumchemshia baba chai. Anamkaribisha, anamuuliza habari za nyumbani, wanazika ndugu pamoja, lakini chai hapana. Baba naye akaanza kusema hapendi chai.

Sasa mambo yamegeuka. Mwaka jana ofisi hiyo hiyo ilianzisha darasa la jamii, kila Alhamisi alasiri, kwenye ukumbi wa shule ya msingi. Bustani za nyumbani, mazao mchanganyiko, vyakula vya asili. Wakatafuta mwalimu anayejua kila mlango, wakampata baba, mstaafu asiye na kazi zaidi ya kukosoa nyanya zangu. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Baba hakuona cha kuchekesha. Alipiga pasi shati, akaenda kufundisha kwa mdomo ule ule: changanya mazao, tunza mbegu yako mwenyewe, usitegemee zao moja. Na nisiwe mnafiki, alifundisha vizuri. Mchicha na bamia zilizo nyuma ya jiko langu ni kwa sababu yake, na yale magunia ya udongo yenye mboga ubavuni, ambayo sasa yako nusu ya nyumba za mtaa huu, alianza nayo yeye.

Wiki ya tatu fundi cherehani, ambaye mdomo wake hauna breki, alinyoosha mkono. Akauliza mbegu hizo za asili watazitoa wapi, maana za kwao walizila siku moja na chumvi kwa amri ya mwalimu huyu huyu. Ukumbi mzima ulicheka. Baba alisubiri wanyamaze, kisha akawaahidi wanawake thelathini kwamba atawaletea nisitiri, ataiotesha pale pale darasani, na mavuno ya kwanza watagawana mbegu wote.

Jioni hiyo hakugusa chakula. Aliniambia kwamba kitu kinachomnyima raha katika kazi yake yote ni hicho kimoja, na akikirudisha atakuwa amemaliza salama. Nilimwonea huruma, na huruma yenyewe iliniudhi. Nikamwambia anajua mlango wa kugonga.

Tulikwenda wote wawili. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Akaingia ndani, akarudi na kopo la bati, akamhesabia baba punje ishirini kwenye kiganja. Zilikuwa nyeusi, zimesinyaa kidogo, na tumbo limegeuka manjano. Bwana shamba wa miaka thelathini na mmoja akazitazama, akazifunga kwenye leso. Hakuiuma hata moja. Hakuzitia majini aone zipi zinaelea, jambo analowaimbia wanafunzi wake kila Alhamisi. Alitaka ziwe nzima, basi akaziona nzima. Shangazi akanituma nichote udongo wa kupandia nyuma ya jiko lake, kwa sababu ndio uliowahi kuilea nisitiri. Njiani baba alipiga mluzi. Sikuwa nimemsikia akipiga mluzi tangu mama afariki.

Makopo kumi yalipangwa kwenye dirisha la ukumbi, punje mbili mbili. Baba alikwenda kuyamwagilia kila asubuhi, akirudi ananieleza unyevu, kana kwamba nilimuuliza. Siku ya tano hakuna kitu. Siku ya nane hakuna kitu. Siku ya kumi alichimbua kwa kidole kopo la kwanza, akakuta uji unaonuka. Akachimbua la pili. Nilipomfuata ukumbini alikuwa ameyachimbua yote kumi.

Tukarudi kwa shangazi. Alikuwa anachambua mboga kwenye ungo, na hakuonekana kushangaa.

"Dada, zile mbegu ulizitoa wapi?"

"Kwenye debe ulilolimwagia maji."

Baba alikaa kwenye kizingiti bila kukaribishwa. Akamuuliza kwa nini aliweka kitu kilichokufa.

"Sikuzila. Nilizianika. Nilidhani pengine za chini hazikupata moto vizuri," alisema shangazi, mikono bado iko kwenye mboga. "Kila mwaka napanda tano. Miaka ishirini na saba napanda tano, nasubiri. Nikaona na wewe usubiri siku kumi."

Baba alianza kueleza habari za ofisi, kwamba amri ilitoka juu, kwamba angefukuzwa kazi na sisi tungekula nini. Alieleza kwa kirefu. Shangazi alimwacha mpaka maneno yakamwishia.

"Ofisi sikuichemshia maji," alisema. "Nilikuchemshia wewe."

Kisha akamwambia kwamba Alhamisi atakuja darasani, na anachotaka ni kimoja tu, baba awaeleze wale wanawake kwa nini nisitiri haikuota. Akishasema, yatakuwa yamekwisha. Baba aliitikia kwa kichwa. Mimi niliamini. Nilifika nyumbani nikampigia pasi shati mwenyewe.

Alhamisi shangazi alikaa benchi la nyuma na daftari jipya. Baba alisimama mbele, akainua kopo moja, akafuta miwani, akalirudisha dirishani. Aliniangalia mimi, akamwangalia dada yake. Fundi cherehani akauliza kulikoni.

"Ni udongo," baba alisema. "Udongo ulikuwa na chumvi."

Akageukia ubao, akaanza kufundisha namna ya kupima udongo wenye chumvi. Wanawake thelathini wakainamisha vichwa, wakaandika. Hata fundi cherehani, ambaye huwa haandiki kitu, aliomba kalamu kwa jirani yake akaandika.

Shangazi alifunga daftari lake. Alikwenda dirishani, akamimina udongo wa kopo moja moja kwenye ndoo ya kumwagilia, bila haraka, huku baba anaandika ubaoni na chaki inamkatikia. Alipomaliza akaniita nimsaidie kubeba. Baba alisema kwa sauti ndogo, "Dada." Shangazi akashika mpini wa ndoo, tukatoka.

Tulirudisha udongo nyuma ya jiko, pale nilipouchota. Shangazi akausawazisha kwa kiganja. Akaleta lile kopo la bati, lililobaki na punje chache za kuhesabika, akapanda tano za mwaka huu, akazifukia. Nilitaka kumuuliza za nini sasa.

Kisha akaosha mikono, akaweka maji jikoni, akatoa vikombe viwili. Kile chenye ua la bluu akanipa mimi. Tulikunywa mpaka birika likaisha, tukazungumza habari za bamia.

Niliporudi, baba alikuwa amekaa gizani hajawasha taa. Akaniuliza nilikuwa wapi muda wote huo. Nikamwambia nilikuwa kwa shangazi, nakunywa chai.