Barua za Kujieleza

Tangu nikabidhiwe shule hii ya serikali hapa Bwera, hakuna mwalimu aliyenishtaki. Mwenzangu aliyenitangulia alipelekwa kortini na mwalimu aliyeondolewa shuleni, akashindwa, kwa sababu faili la mwalimu huyo halikuwa na hata karatasi moja. Kwa hiyo kwenye semina ya walimu wakuu kule Kasese tuliambiwa tuandike kila kitu. Nikalishika neno hilo kwa mikono miwili.

Kila asubuhi, saa mbili kamili, nilipiga mstari mwekundu kwenye daftari la mahudhurio. Aliyesaini chini ya mstari alipata barua ya kutakiwa ajieleze. Sikumpendelea mtu, na nilijivunia sana jambo hilo.

Jirani yangu kwenye nyumba za walimu alifundisha darasa la tatu. Tulizoea kumenya mihogo pamoja, tukiwateta wakaguzi mpaka machozi yanatutoka. Jumapili moja alasiri alisimama mlangoni kwangu.

"Dada, mama iko na hali mubaya. Bamemulaza ku hospitali ya Kisinga. Kesho nitapita kumuona kwanza, nitachelewa kidogo."

"Nenda, dada. Usijali."

Kesho yake akasaini chini ya mstari. Nilijua alikotoka, lakini faili lake halikuwa na habari hiyo, na niliogopa wengine wangesema nambeba. Nikamwandikia kama wote, nikamtuma mwalimu wa zamu ampelekee darasani.

Jibu lilikuja kabla ya chai, mistari mitatu, kwa Kiingereza cha ofisini. Aliomba radhi kwa kuchelewa kwa sababu aliyokwisha kunieleza. Nikalitoboa matundu mawili, nikalifungia failini.

Hakununa. Kila asubuhi alinisalimia, "Habari ya asubuhi, Madamu," akapita. Mihogo nikawa namenya peke yangu. Mara mbili nilifika mlangoni kwake nimuulize hali ya mgonjwa, nikarudi kwa aibu. Upweke huo nilijitafutia mwenyewe.

Wiki ya tatu nilikuta karatasi mezani kwangu. Aliomba siku nne, na kwenye sababu aliandika: kumzika mama. Ukuta mmoja tu unatutenganisha, na msiba wake nimeusoma ofisini.

Nikaandika "Imekubaliwa", nikapiga muhuri. Sikuwa na uso wa kumpelekea mwenyewe. Nikamtuma mwalimu wa zamu.