Supu ya Mamumunye Yaliyojiotea

Jamani, ngoja niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana hapa Karatu kila anayeisimulia hii habari anaongeza wazee wawili na kichaka kimoja. Ni kweli. Mimi ndiye yule mpishi aliyewakimbiza wakwe zake chooni siku waliyokuja kuamua kama wanipe binti yao au waninyime. Aibu ya siku ile bado ninayo, sidhani kama itaniondoka nikiwa hai.

Mnanijua, kwenye kupika sijifichi. Nimepika kambi za watalii kule Ngorongoro miaka na miaka, nimeoka keki juu ya makaa upepo ukivuma, mzungu mmoja akala akalia akisema inamkumbusha mama yake (sijui mama yake alikuwa anapikaje, lakini alilia). Ila kilichonipa kiburi zaidi ni bustani yangu ya Ganako. Mwaka ule masika yalikuja vizuri, na ilipofika baridi ya mwezi wa saba nilikuwa natoka mlango wa nyuma na sufuria tupu narudi nayo imejaa: maharage, karoti, mchicha, vitunguu, maboga ambayo hata kuyabeba ni kazi, na mahindi yaliyochelewa yakiwa bado yamesimama. Na pale penye rundo la mbolea ulikuwa umejiotea mmumunye, umetambaa hadi kwenye uzio, una mamumunye mabichi laini yanayong'aa. Jirani yangu Mama Bura alichungulia akauliza, "Hayo umeyapanda?" Nikamwambia yamejiotea, ni baraka tu. Akasema, "Cha kujiotea onja kwanza, baba." Nikacheka. Mimi nifundishwe mumunye!

Sasa shida ilikuwa baba yake Naserian, mchumba wangu. Mzee ni Mmasai wa kule Endulen, mfugaji hasa, na alikuwa ameshasema wazi: "Mwanaume anayeshinda jikoni, ng'ombe wake wanachungwa na nani?" (Sikuwa na ng'ombe hata mmoja, hilo tulikuwa hatujamwambia.) Akakubali kuja kwangu mara moja, aone kwa macho yake, ndipo atoe jibu. Nami nikaapa nitamjibu kwa sufuria.

Basi wakafika, mzee, mama mkwe na wazee wawili wa rika lake. Nikainamisha kichwa kwa salamu yao, wakanigusa utosini mmoja mmoja. Kwa mila yao mama mkwe na mkwe wa kiume hawakai pamoja, wala hawali pamoja, kwa hiyo mama aliingia ndani na Naserian, wanaume tukabaki uani. Nilikuwa nimeandaa makande, boga la kuchemsha na mchicha wa karanga, lakini silaha yangu kubwa ilikuwa supu ya mifupa ya mbuzi niliyoitupia yale mamumunye. Naserian alinikuta naipua, akauliza kama nimeonja. Nikamjibu, na haya maneno nitazikwa nayo, "Mpishi mzoefu anaonja kwa pua."

Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, mimi hata sikusubiri kusifiwa, nilijisifu mwenyewe.

Nikawamiminia, na bakuli moja likapelekwa ndani kwa mama. Mzee akapiga funda moja, akaangalia ndani ya bakuli, akawatazama wenzake. Kisha akatikisa kichwa taratibu kwa heshima, akauliza, "Hii ni dawa ya nini?" Mimi nikadhani anasifia mboga za bustani kwamba zinajenga mwili, nikajibu kwa furaha, "Ya mwili mzima, Baba!" Kumbe wenzetu wamezoea supu ya mizizi na magome, kwao supu chungu ndiyo supu ya maana, basi wakanywa kwa bidii, wakaomba tena, na mimi nikawajazia nikiwa nimevimba kama andazi. Mzee akasema, "Kaa unywe na sisi." Nikakaa, nikapiga funda.

Jamani! Ule haukuwa uchungu wa kawaida. Ulinishika ulimi, ukashuka kooni, hadi masikio yakawasha. Kutema mbele ya wakwe siwezi, nikameza huku natabasamu na machozi yananitoka. Hapo hapo Naserian akatoka mbio akaninong'oneza, "Mama anasema usimpe Baba tena! Hayo si mamumunye ya kula, ni vibuyu vya maziwa!" Mama alikuwa ameyatambua kwa ncha ya ulimi tu, ila kwa mila hakuweza kuja uani, na Naserian alibaki akibishana naye kwamba mimi siwezi kukosea (ndiyo mapenzi hayo). Kumbe mbolea niliichukua kwenye boma la wafugaji, na wanawake wakitengeneza vibuyu vipya mbegu huzimwaga zizini.

Mzee alikuwa anamalizia bakuli la tatu.

Choo ninacho kimoja. Wa kwanza alikiwahi, wa pili akazunguka migombani, na mzee mwenyewe, baba wa mchumba wangu, mtu ambaye watu husimama kwa heshima akipita, alikusanya shuka lake jekundu akapotelea kwenye mahindi. Nami nikamfuata, mistari ya pembeni. Tukiwa humo nikamsikia Mama Bura kwenye uzio, "Baba! Wageni wanakusaidia kuvuna?"

Jioni walikaa wamenywea, wanakunywa uji ambao mama aliupika mwenyewe. Mzee akasema, "Dawa yako ni kali. Lakini najisikia mwepesi." Ningeweza kunyamaza, nikabaki mganga. Naserian ananitazama. Nikasema, "Baba, haikuwa dawa. Nilipika vibuyu bila kuonja." Nikajua binti ameshaniponyoka, na hilo liliniuma kuliko tumbo. Mzee akanitazama sana, kisha akasema, "Umetuumiza, na wewe mwenyewe ukanywa, na hukudanganya. Huyo naweza kumpa mtoto." Wakati wa kuondoka mama akatuma neno: vilivyobaki vikauke kwenye mmea, nisiviguse.

Siku ya harusi, mbele ya watu wote, mzee alisimama na kibuyu kirefu, kimepambwa kwa shanga, kimefukizwa kwa moto na kujazwa maziwa. "Hiki kimetoka kwenye bustani ya mkwe wangu," akasema. "Mke wangu amekitengeneza, ili ajue kazi ya kibuyu." Wazee wale wawili wakaanza kushika matumbo kwa kicheko.

Nikakipokea. Mpishi mzima wa kambi, mbele ya wageni wote, nikamimina tone moja kiganjani, nikaonja kwanza, ndipo nikanywa.