Jinsi mashine ya kusaga ilivyotaka kuninyima Diploma London

Wakuu, heshima zenu.

Juzi nimeona uzi humu, vijana wanabishana kama kutengeneza sauti za muziki ni kipaji au ni software. Nimesoma kurasa nne nikanyamaza. Leo nimeamua kuandika. Nitakayosema ni kweli tupu, majina tu ndiyo nimebadilisha, na yamo mambo mawili ambayo sijawahi kumwambia mtu.

Kwa wasionijua, mimi ni mtoto wa Igunga. Sikupelekwa Ulaya na serikali, wala mjomba, wala padri. Nilikwenda London mwaka 1999 kwa jasho langu, nikarudi 2005 na Diploma ya Sound Design. Imo kwenye fremu ofisini kwangu Mwanza, ukipita utaiona kabla hujaniona mimi. Ule mlio wa mwanzo wa tangazo la redio unaokufanya ugeuke ukiwa unakunywa chai, Kanda ya Ziwa, kuna uwezekano mkubwa ni wangu.

Sijisifu. Najitambulisha.

Tuendelee.

Asubuhi nilikuwa nafanya cleaning kwenye ofisi moja Harrow, jioni naingia darasani. Nilipanga chumba Kenton kwa mama mmoja wa Kihindi, mjane. Nitamwita Mama Kanta. Siku naenda kuangalia chumba aliniuliza kwa Kiingereza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Tanzania wapi? Nikasema Tabora, maana niliona hata nikifika mbali zaidi ya hapo ni kazi bure.

Akauliza Tabora sehemu gani.

Nikasema Igunga.

Akanitazama, halafu akahamia Kiswahili kama mtu anayevua koti. "Igunga ya Nzega? Basi jirani. Mimi wa Nzega. Viatu acha hapo nje."

Ndivyo nilivyopata chumba. Baba yake aliwahi kuwa na mashine ya kusaga nafaka kule Nzega, hilo aliniambia wiki ya kwanza kabisa. Mimi nikalisahau wiki ya pili.

Mwaka 2001 nikanunua kwa mtu synthesizer iliyotumika, kinanda cha umeme cha kuunda sauti, ya zamani, chuma kitupu, ina vifundo vya kuzungusha kama arobaini. Niliibeba kwenye treni ya Metropolitan line, watu wakanipisha kama nimebeba jeneza. Kufika nyumbani nimewasha, kimya. Siku mbili nabonyeza, kimya. Nikampigia muuzaji nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Akaniambia nifungue filter. Nikazungusha kifundo kimoja tu, ikalia mpaka dirisha likatetemeka.

Nikamwambia nilikuwa namjaribu.

Hapa niwape somo kidogo, bure, wengine tulilipia.

Synthesizer ni koo la mtu. Oscillator ndiyo koo lenyewe, linatoa mlio mbichi. Filter ni mdomo. Sema "uuu", halafu fungua mdomo taratibu mpaka iwe "aaa". Koo halijabadilika, mdomo ndio umefunguka. Envelope ni pumzi: sauti inaanza ghafla au inanyemelea, inakata au inafifia. Na kuna kitu kinaitwa LFO, ni kama mkono usiochoka, unafungua na kufunga kile utakachouambia, kwa mwendo utakaoutaka.

Ukielewa hayo manne, mengine ni muda.

Mimi niliyaelewa haraka. Darasani tulikuwa kumi na mmoja na sikuwa wa mwisho.

Sasa tuje kwenye mkasa.

Mwaka 2003, assignment ya mwisho. Tengeneza dakika moja ya sauti ya kitu halisi, kwa synthesizer peke yake, bila kurekodi chochote kutoka nje. Wenzangu wakachagua mvua, helikopta, mlango wa zamani. Mimi nikawacheka kimoyomoyo. Mwalimu wetu Colin, Mwingereza mrefu mpole, alikuwa amesikia mvua maisha yake yote. Angekosoa kila tone.

Nikachagua mashine ya kusaga. Ile ya dizeli, ya tu-tu-tu-tu, inayosikika kuanzia mnadani mpaka kanisani. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: nitengeneze kitu ambacho London nzima hakuna wa kunisahihisha.

Na kwa kuwa nilikuwa na uhakika, nikafanya jambo la kwanza kati ya yale mawili. Nikaazima joho la rafiki yangu Mkenya, nesi aliyekuwa amehitimu mwaka ule, nikapiga picha nimeshika karatasi iliyokunjwa. Nikaituma Igunga. Nyuma nikaandika tarehe na neno moja: Nimemaliza.

Baba akaitundika sebuleni, juu ya kalenda ya parokia.

Wiki mbili baadaye, nikafeli.

Walikuwa watahini watatu. Walisikiliza dakika yangu hadi mwisho. Colin akauliza ni nini. Nikamweleza kwa kirefu, kuhusu mahindi, akina mama, ndoo, foleni, umuhimu wa mashine kwa uchumi wa kijiji. Nadhani niliongea kuliko sauti yenyewe.

Colin akasema: "Nakuamini kabisa. Lakini sauti haitakiwi kusindikizwa na mwenyewe. Hii ni loop, kipande kimoja kinachojirudia. Haifanyi kazi yoyote."

Nikapewa nafasi ya kurudia baada ya wiki tatu. Nikishindwa, hakuna Diploma, na viza yangu ya mwanafunzi ilikuwa inaisha na mwaka wa masomo. Yaani narudi Igunga mikono mitupu, nikae sebuleni chini ya picha yangu mwenyewe nimevaa joho.

Nitakuwa mkweli, nilisema ni ubaguzi. Nilikaa nalo siku nne. Nilipowaambia wenzangu wa cleaning, Mkongo mmoja wa Bukavu akauliza kama na hao wengine kumi wamefaulu. Nikamwambia mmoja wa Nigeria ndiye aliyeongoza. Akaendelea kupiga deki.

Siku ya tano headphone zangu zikafa. Nikafungulia spika, Jumapili mchana, Mama Kanta akiwa amesharudi kutoka hekaluni Neasden. Mlango ukagongwa. Nikajua ni kelele. Nikafungua nikiwa nimeshaandaa samahani.

Amesimama, mikono ina unga wa chapati hadi kwenye viwiko. Haniangalii mimi, anaangalia spika.

"Hiyo ni mashine," akasema.

Wakuu, nilifurahi. Nikaanza kumwelezea jinsi nilivyoijenga, noise hapa, filter pale.

"Mashine ya kusaga, najua," akasema. "Lakini haina mahindi."

Nikamuuliza haina mahindi vipi.

"Inazunguka tupu. Hujamimina kitu. Wewe ulikuwa unakwenda mashine au ulikuwa unatuma dada zako?"

Nilikuwa natuma dada zangu.

Akaingia, akakaa kwenye kiti changu, chapati akaziacha huko. Akanieleza kwamba utotoni nyumba yao na mashine vilitenganishwa na ukuta mmoja. Baba yake alikuwa akila ndani, haoni kitu, lakini anajua kila kinachotendeka. Mahindi yakimiminwa, mashine inashusha pumzi, inakuwa nzito, inaguna, halafu inajikaza na kurudi kwenye mwendo wake. Mwendeshaji akimimina taratibu, inaguna kidogo. Akimimina kwa pupa, inakaribia kuzimika, na baba yake anaacha chakula anatoka na kijiko mkononi.

Alipokuwa anasema "inashusha" alishusha kiganja hewani, taratibu, kama anambembeleza mtoto. Aliposema "inajikaza" akakipandisha.

Mimi nina cheti cha kidato cha sita, nina miaka miwili ya darasa la sauti, na nilikuwa natazama kiganja cha mtu aliyeondoka Nzega akiwa binti wa miaka kumi na tisa.

Tukafanya kazi jioni nyingi, baada ya yeye kula. Nilijaribu kupanga ule mshuko kwa envelope. Ukawa msafi mno. Kila mara ulishuka sawasawa na kupanda sawasawa. Mama anatikisa kichwa. Nikajaribu LFO ya pili, anatikisa kichwa. Akasema hiyo ni mashine ya sinema.

Mwisho nikaushika mkono wake nikauweka kwenye kifundo cha mwendo. Nikamwambia, mama, mimina wewe.

Hilo ndilo jambo la pili ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Mimi nilishika filter, yeye akashika mwendo. Nikawasha minidisc ya kurekodi. Akafumba macho. Mara ya kwanza akamimina kidogo, mashine ikaguna ikarudi. Mara ya pili akashusha sana. Ikazama, tu... tu... tu, nikadhani imekufa, mimi mwenyewe nikabana pumzi huku nafunga filter. Halafu akaipandisha polepole, ikajikaza, ikashika mwendo. Dakika ikaisha.

Nikamuuliza mbona mara ya pili kashusha namna ile.

"Masanja huyo, mwendeshaji wa baba," akasema, bado amefumba macho. "Siku ya mnada alikuwa na haraka."

Hatukurudia. Nilitaka, akakataa. Alisema ameshasaga.

Siku ya marudio nilivaa tai. Niliamua sitasema neno hata moja. Wale wale watatu. Ikapigwa. Ilipozama mara ya pili, Colin aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi akaiacha hewani, haishuki, mpaka mashine ilipojikaza.

Yule mtahini mwanamke, ambaye mara ya kwanza hakuniuliza kitu, akaniuliza: "Kwa nini mara ya pili ameweka mengi namna ile?"

Wakuu, rudieni hilo swali. Hakuuliza ni nini. Hajawahi kuona mashine ya kusaga, nina hakika mpaka leo hajawahi. Aliuliza kwa nini *ameweka*. Alikuwa anamuuliza Masanja.

Nikajibu: "Ilikuwa siku ya mnada."

Akaandika. Sijui aliandika nini, lakini nilifaulu, na viza nikaiongeza.

Mama Kanta hakutaka zawadi. Alitaka kaseti. Nikamrekodia ile dakika ikijirudia upande mzima. Akawa anaipiga jikoni akipika. Siku moja binti yake, mzaliwa wa London, anayeelewa Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza, alikuja kumtembelea akauliza, "Mum, what is that noise?"

Mama akaendelea kumenya viazi.

"Unga," akasema.

Niliporudi 2005 nilimpa baba Diploma yenyewe. Akaisoma, akaitazama picha ya ukutani, akauliza mbona tarehe ya kwenye karatasi ni ya baadaye kuliko ya ile picha. Nikasema Ulaya wanachelewa kuchapa. Akasema sawa. Picha bado ipo, na mzee hayumo humu jukwaani, kwa hiyo naomba iishie hapa.

Fundisho, kwa vijana wa ule uzi wa juzi. Si kipaji, si software. Msichague kitu kwa sababu hakuna wa kuwasahihisha. Tafuteni anayeweza, mara nyingi yuko upande wa pili wa ukuta na ana unga mikononi. Na sauti yoyote unayotengeneza, ngoma, besi, king'ora, jiulize kwanza inabeba nini.

Nimejitengeneza mwenyewe, hilo sitaliacha. Ila kifundo cha mwendo alishika mwingine.

Mliokulia karibu na mashine, njooni mseme: ya kwenu ikimiminiwa ilikuwa inagunaje? Na wanaotaka kubisha kwamba vijana wa leo hawahitaji haya, nafasi ipo hapo chini, nipo nasoma.