Mtoto Wangu Alisoma kwa Sikio, Nami Nikalipiga

Makosa ni yangu, yote. Nasema hivyo mapema ili usije ukafika katikati ya kisa hiki ukaanza kunitafutia kisingizio. Nimejitafutia mwenyewe miezi mingi na sijakipata.

Mimi ni mwanamume wa mkono mwepesi. Naishi Kariobangi, naendesha mashine ya kuinua mizigo kwenye godauni moja Industrial Area. Mke wangu anauza nguo za watoto sokoni Muthurwa. Tuna binti mmoja. Nitamwita Kadogo, ingawa si jina lake, maana jina lake nimeshalichafua vya kutosha.

Kadogo alikuwa na miaka minane, yuko gredi ya tatu.

Kama una mtoto anayeingia gredi ya tatu, tafadhali kaa chini unisikilize.

Kanisani kwetu kuna Jumapili ya watoto. Mtoto anasimama mbele, anafungua Neno, anasoma, na wazazi wanachezea simu zao kumpiga picha. Tangu Kadogo akiwa gredi ya kwanza nilikuwa namwandaa mwenyewe. Jioni nikitoka kazini nilimkalisha kando yangu, nasema mstari mmoja naye anaurudia, kidole chake kikipita chini ya maneno. Mara tatu, mara nne, somo limeingia. Jumapili ikifika anasoma bila kukwama, na akina mama wa kanisa wanageuka kuniangalia.

Nilivimba kichwa jamani! Nilijiona mwalimu. Godauni nzima ilijua binti yangu ni moto.

Muhula wa kwanza wa gredi ya tatu, mwalimu wake akaniita. Ni dada mdogo tu, mpole, sauti ya chini. Akaniambia Kadogo hajui kusoma. Nilicheka. Nikamwambia labda wewe ndiye hujui kufundisha, maana huyu mtoto anasomea kanisa zima.

Hakukasirika. Alimwita Kadogo akampa kitabu cha darasani. Kadogo akaweka kidole chini ya maneno akaanza, safi kabisa, hadithi ya sungura na kisima. Nikamtazama yule mwalimu kwa dharau. Yeye akanyoosha mkono akafunua ukurasa mwingine, ukurasa wa habari ya soko na mizani. Kadogo akahamisha kidole, akaendelea na sungura.

"Baba Kadogo, huyu mtoto hasomi. Anakumbuka," mwalimu akasema. "Gredi ya kwanza na ya pili tunaimba pamoja, kuna picha, kwa hivyo hangeonekana. Sasa ndiyo anaonekana. Hadi hapa watoto wanajifunza kusoma, lakini kuanzia mwaka ujao watakuwa wanasoma ndiyo wajifunze. Tukimshika sasa atafika."

Aliniomba mambo mawili tu. Nisimsomee kwanza. Na nisimpige.

Ningekuwa na akili ningemshukuru. Mimi nilisikia aibu imenipanda hadi kwenye masikio, nikaamua kwamba Kadogo ananidharau. Mtoto mwenye kichwa cha kukumbuka kurasa nzima atashindwaje na herufi? Niliona ni jeuri. Mimi mwenyewe nilifundishwa kusoma na marehemu baba, mfanyakazi wa reli, kwa mkanda wa ngozi. Tulichapwa na tukatoboa, ndivyo nilivyokuwa nikisema kila mahali, kana kwamba ni cheti.

Jumamosi hiyo mke wangu akiwa Muthurwa nilikata kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono. Nikamweka Kadogo kwenye kiti. Sheria ilikuwa kila neno likikosewa, kiboko kimoja.

Sitakuficha. Nilimchapa miguuni hadi mistari ikavimba. Nikamchapa mgongoni. Alipoficha mikono nilimwambia aitoe nikampiga viganja. Alikuwa hata halii kwa sauti, analia kwa pua, na kidole kimoja bado amekiweka kwenye kitabu. Jirani aligonga ukuta. Nikamjibu kwa kugonga ukuta pia.

Mke wangu aliporudi akaona ile miguu, alinitukana kwa mara ya kwanza tangu nimwoe. Nikamwambia anamdekeza mtoto, ndiyo maana haendi mbele.

Na sikia mambo haya. Baada ya wiki mbili tatu za mpira ule, Kadogo alianza kusoma! Ukurasa wowote niliompa jioni alinisomea. Nilijipiga kifua. Nilimpigia mwalimu simu kumwambia dawa nimeipata. Kumbe kabla sijafika nyumbani alikuwa akimwomba mama yake amsomee kila ukurasa kwa zamu, anazimeza kurasa zote kwa woga, ili jioni asipigwe. Mama yake alijua. Alinyamaza kwa sababu ileile. Mpira haukumfundisha herufi hata moja, ulimfundisha kukariri haraka zaidi.

Ikafika Jumapili ya watoto. Nilimwandaa kama kawaida, maana lile ombi la mwalimu nililiona la kijinga. Asubuhi hiyo msimamizi wa ibada akabadilisha somo. Jambo dogo tu, akamfungulia Kadogo mahali pengine, akamwonyesha kwa kidole.

Kadogo akasimama. Akatazama ukurasa. Kisha akaanza kusema lile somo nililomwandalia, lote, kwa sauti nzuri, wakati kanisa zima limefungua somo lingine. Watu wakaanza kutazamana. Kuna waliocheka, si kwa ubaya, kama watu wanavyomcheka mtoto. Kadogo alifika mwisho, akasema amina, akanitafuta kwa macho kama amefanya vizuri.

Nilimshika mkono nikamtoa nje. Nyuma ya jengo, karibu na tangi la maji, akiwa na gauni lake jeupe, nilimpiga kofi. Mimi ni mtu wa kuinua mizigo. Kofi langu lilimpata upande wa kushoto, sikioni, akaanguka akagonga tangi, akakaa chini na mkono juu ya sikio. Ndani walikuwa wanaimba. Nikamwambia anyamaze, ajipanguse gauni, turudi tukakae. Na tulirudi tukakaa!

Kesho yake jioni nilimkalisha tena. Nikasoma mstari, nikangoja arudie. Hakurudia. Akanigeuzia upande wa pili wa uso.

"Baba, sema tena. Sikuskia."

Nikasema tena. Akarudia nusu, tena vibaya. "Baba, sikuskia."

Nikaona sasa ananichezea. Nikampiga lingine, palepale.

Ndugu yangu unayesoma, nimeandika sentensi hiyo na kuifuta mara nyingi. Mtoto aliniambia kwa mdomo wake kwamba hasikii. Aliniambia mara mbili. Jibu langu lilikuwa kumpiga sikio lilelile.

Alfajiri mama yake aliukuta mto una damu na maji ya njano. Aliniambia nisiende kazini, nimpeleke hospitali sasa hivi. Yeye angepita Muthurwa kumwachia jirani wa kibanda mzigo, kisha atukute huko. Hakupiga kelele. Ningetamani angepiga.

Njiani nilikuwa na Kadogo peke yetu. Anatembea akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Na unajua mimi nilikuwa nafikiria nini? Nilifikiria nitasema nini mbele ya daktari. Nikachuchumaa mbele yake, upande wa sikio zima, nikamwambia akiulizwa aseme aliteleza kwenye ngazi akienda kuchota maji. Nikamwambia arudie. Akarudia. Mara tatu, mara nne, mpaka likaingia.

Daktari alikuwa mama wa makamo. Alichungulia sikio, akaniambia kiwambo kimepasuka na usaha umeshaingia ndani. Mke wangu akaingia wakati huohuo, bado anahema. Daktari akainama kwa Kadogo akamuuliza aliumiaje.

"Niliteleza kwenye ngazi nikienda kuchota maji."

Sauti ilikuwa ile ya kanisani. Safi, bila kukwama. Nikatazama chini nikaona kidole chake kinatembea juu ya paja, polepole, kutoka kushoto kwenda kulia, kinafuata mstari ambao haupo.

Daktari akamuuliza ngazi ipi. Kadogo akarudia sentensi ileile, na kidole kikaanza upya. Daktari akauliza kama alianguka mbele au nyuma. Akarudia tena. Hakuwa na neno lingine, maana sikumpa lingine.

Hapo ndipo nilipoelewa alichoniambia mwalimu. Mtoto wangu alikuwa anashika maneno yangu kwa sikio na kuyabeba yalivyo, hata uongo, kwa sababu yalitoka kwangu. Sikio ndicho kitabu pekee alichokuwa nacho, nami nilikuwa nimekichana.

Mke wangu akamtazama Kadogo, akanitazama mimi.

"Daktari, nyumba yetu ni ya chini," akasema. "Hatuna ngazi."

Nililala ndani, kituo cha polisi, siku tatu. Kesi ilienda ilivyoenda, sitajitetea wala kujisifu kwamba nilikiri. Niliamriwa nihudhurie mafunzo ya malezi, na nisimwone Kadogo bila mtu mzima mwingine kuwepo. Mke wangu alihamia naye kwa dada yake, mtaa wa Lucky Summer, na hajarudi. Sikio la kushoto lilitibiwa usaha ukaisha, lakini usikivu haukurudi wote. Ukimwita kutoka upande huo hageuki.

Nyumba imebaki na mimi na kile kiti.

Huko Lucky Summer shemeji yangu alimtafutia mwalimu mwingine mpole, wakaanza na herufi kama mtoto wa chekechea. Hakuna aliyemsomea kwanza. Hakuna aliyemharakisha. Jumapili mchana naruhusiwa kwenda, nakaa upande wake wa kulia ili anisikie, shemeji akiwa jikoni mlango wazi. Kadogo anasoma sasa. Anasoma taratibu sana, anaunganisha ki na si na ma, anakosea, anarudi, anapata. Sijawahi kusikia usomaji mzuri kama huo, na simwambii kwa sababu nitalia.

Mwezi uliopita alifika mwisho wa ukurasa. Nikafurahi, nikanyanyua mkono nimfunulie ukurasa unaofuata.

Akaacha kitabu kikaanguka, akafunika masikio yote mawili.

Shemeji alitoka jikoni. Alikiokota kitabu akampa. Kadogo akatafuta mahali alipokuwa, akaanza tena kwa sauti ya chini, jicho moja kwenye mkono wangu.

Basi wewe mzazi mwenzangu, mwenye mtoto gredi ya tatu. Usikubali kudanganywa na sauti nzuri kama mimi. Leo mchana chukua ukurasa ambao mtoto hajawahi kuusikia, usimsomee hata neno moja, mwambie akusomee. Kama hawezi, hakudharau. Bado hajui, na huu ndio mwaka wa kujua, na yupo mtu shuleni anayejua pa kuanzia. Nenda kamwone huyo mtu, na akikwambia ukweli usicheke.

Halafu tafuta pa kuweka mkono wako. Mimi kila Jumapili, Kadogo akifungua kitabu, naingiza wangu wa kulia chini ya paja na kuukalia. Unakufa ganzi. Nauacha hapohapo mpaka amalize.