Supu ya Uboho na Damu ya Dada

Niliwahi kuamini, tena kwa moyo wote, kwamba ukila uboho wa mguu wa kulia wa nguruwe mweusi ungali wa moto, uboho huo unapanda wenyewe mwilini na kutafuta mfupa wa kuingia. Habari hiyo nilipewa na muuza kitimoto wa Mbinga mjini, huku akinipimia kilo mbili. Sikuuliza swali hata moja. Mimi, mhitimu wa kidato cha nne kwa masomo ya jioni, niliyefaulu baiolojia kuliko binadamu yeyote kusini mwa ikweta!

Msinicheke upesi. Baiolojia ilinifundisha kwamba damu hutengenezwa ndani ya uboho, ile nyama laini yenye mafuta iliyo katikati ya mfupa. Ngolo, yale mashimo yetu ya kilimo, nazo zilinifundisha la kwao. Sisi Wamatengo tukilima mlimani tunalaza majani tuliyofyeka, tunayafukia kwa udongo kuzunguka mashimo, yanaoza, halafu mahindi yanastawi mpaka yanakwaruza mawingu. Kwangu mimi mwili wa dada yangu mgonjwa ulikuwa mlima kama milima mingine. Fukia mafuta, vuna damu.

Dada yangu mkubwa ameolewa ziwani, Mbamba Bay. Alipogundulika ana saratani ya damu, alipewa awamu ya kwanza ya dawa katika hospitali kubwa ya mbali, akachukuliwa kipimo cha uboho, kisha akaja kupumzika kwangu Mapera na kusubiri majibu. Kichwani hakuwa na unywele hata mmoja. Aling'aa kama kikombe kipya. Basi nikaanza kufukia. Asubuhi supu ya mifupa, mchana supu, jioni supu. Ilifika mahali nguruwe wa Mapera wakinisikia nakohoa wanaanza kusali.

"Mdogo wangu," dada alilalamika, "mimi ni mtu wa usipa, dagaa wa ziwani. Jana nimeota nauunga kwa nyanya, nikaamka nalia."

"Usipa hauna uboho, dada. Kunywa."

"Hii ndiyo hasara ya kusoma jioni. Taa zilikuwa hafifu, hukuona ubaoni."

Lakini alikunywa, maana ananipenda.

Siku majibu yalipokuja tulikuwa uani, tunageuza kahawa kwenye chanja. Simu ikaita. Dada akaweka sauti kubwa ili nami nisikie. Alikuwa daktari wake, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu.

"Majibu ni mazuri sana," alisema. "Kwenye kipimo hatuoni seli za saratani."

Nilipiga kelele zikafika kijiji cha Matiri. Mke wangu akatoka jikoni na vigelegele. Dada, ambaye wiki nzima alikuwa akitembea kwa kushika ukuta, akaanza kucheza kioda, ngoma ya wanawake wa ziwani, kati ya chanja na banda la kuku, simu mkononi, sote tunacheka na kulia.

"Haloo? Mko hapo?" daktari aliita. "Arudi wiki ijayo tuanze awamu ya pili."

Dada akasimama. Zile dawa zilimtapisha mpaka akasahau ladha ya maji. Akanitazama mimi, siyo simu.

"Mdogo wangu anasema nimeshapona," alisema polepole. "Kuna haja gani ya kurudi?"

Nikaichukua simu kwa fahari. "Daktari, pole na kazi. Ni mimi niliyempandisha uboho. Nguruwe mweusi, mguu wa kulia. Mifupa yake sasa imejaa, dawa hazihitajiki tena."

 Nadhani daktari alicheka pembeni kwanza. Kisha akasema:

"Kaka, mafuta ya supu yanameng'enywa tumboni kama chakula kingine. Hayahamii kwenye mfupa. Ndani ya uboho wa dada yako kuna seli za mafuta za mwili wake mwenyewe. Zinaweza kusaidia damu mpya kukua baada ya dawa, na hilo ni jema. Lakini watafiti wameona pia kwamba zinaweza kuzilisha seli za saratani na kuzikinga dhidi ya dawa. Seli chache za saratani zikibaki zimejificha humo, kipimo kinaweza kisizione, na ugonjwa ukarudi. Kilichomsaidia ni dawa, na dawa hazijamaliza kazi. Mlete wiki ijayo."

Nikamrudishia dada simu yake, na wiki iliyofuata nikampeleka mwenyewe.