Ploti Namba Kumi na Nne

Mwihaki ana macho mabaya, na kabla hujamcheka, jua kwamba aliyaharibu kazini. Kwa miaka minne kampuni yetu ya kuuza ploti hapa Kitengela ilimtegemea yeye kukagua tovuti kila Alhamisi, kurasa mia mbili na kitu, kwanza kwenye simu, kisha kwenye kompyuta, akitafuta kitufe kilichohama au bei iliyofunikwa na picha. Mimi hupokea simu za wateja kwenye meza iliyo karibu na yake, na nilikuwa nikimwona akifuta machozi kama mtu anayekata vitunguu.

Mwaka jana alichoka, akatengeneza programu ya kumkagulia. Ilipiga picha ya kila ukurasa siku ambayo mambo yako sawa, ikaziweka. Austin, anayeijenga tovuti yenyewe, akibadilisha chochote, programu hupiga picha mpya, huilinganisha na ile ya zamani, na palipotofautiana huwaka rangi ya waridi. Dakika sita, kazi ya siku nzima imekwisha. Nilimfurahia, ingawa alijisifu kupita kiasi.

Shida ilikuwa ramani ya ploti za Kimuka. Ploti iliyo wazi ni ya kijani, iliyouzwa ni nyekundu. Watu hununua kila siku, kwa hiyo kila asubuhi ramani ilikuwa tofauti na ya jana, na programu ilipiga kelele bure. Mwihaki akachora kisanduku juu ya ramani, akaiagiza programu isiangalie hapo. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini programu huambiwa, na ikiambiwa isitazame pia hutii. Kelele zikaisha.

Sasa, ndani ya kisanduku hicho kulikuwa na ploti moja ya kijivu, namba kumi na nne. Hiyo haiuzwi. Mama Katee alipotuuzia shamba la familia alibakisha kipande hicho, kwa sababu mumewe, mzee Nzuki, amezikwa hapo. Siku ya kuweka sahihi alimshika Mwihaki mkono, maana ndiye aliyekuwa akimwonyesha ramani.

"Hapa mtaniachia?"

"Tutakuachia, mama."

Nilikuwepo, nilisikia.

Mwezi wa tatu Austin alibadilisha rangi za ramani. Programu ikakagua, ikasema kurasa zote ziko sawa, tukaenda kunywa chai. Siku tisa baadaye alinipigia Naeku, jirani anayetuangalizia ploti za Kimuka.

"Dolphine, supa?" alinisalimu Kimaasai. "Kuna mtu huku anachimba mashimo ya fensi kwa ile ploti ya kaburi. Anasema ni yake, na ako na karatasi yenu."

"Mwambie awache! Mnyang'anye hiyo jembe kama ni lazima!"

Mwihaki alifungua ramani. Kumi na nne ilikuwa nyekundu. Austin alikuwa amesahau kijivu, ploti ikageuka kijani, na Bwana Kimani wa Ngong akaichagua kwa simu yake kama mteja mwingine yeyote. Hakuwa na kosa, na alipoelezwa alikubali kuhamishiwa nyingine bila maneno. Lakini alikuwa ameshachimba mashimo mawili, moja hatua tatu kutoka kwenye msalaba.

Mama Katee alikuja ofisini Jumatatu. Hakupaza sauti, na hilo lilinitisha zaidi.

"Pole sana, mama," Mwihaki alisema. "Mashine haikuona."

"Kwani ni mashine iliniambia mtaniachia? Ni wewe uliniambia."

Alipoondoka mama, Mwihaki alilia, kisha akafuta kile kisanduku. Alitengeneza ramani ya majaribio ambamo hakuna anayenunua chochote, programu iikague badala ya ile ya wateja; ina ploti moja ya kijani, moja nyekundu, moja ya kijivu, ili rangi ikibadilika ijulikane imeharibika. Akamwambia Austin aondoe kijivu makusudi. Skrini iliwaka waridi. Safari hii hakujisifu.

Jumamosi alienda Kimuka na jembe, akafukia yale mashimo mawili mwenyewe. Naeku anasema Mama Katee alisimama kando akimtazama mpaka mwisho, kisha akamletea maji ya kunawa.