Mwizi wa Kuimba

Nakumbuka siku moja, mwanangu, yenye nusura nipigwe mawe juu ya omena, hizi dagaa za ziwa! Cheka tu. Ilikuwa miaka ya tisini na kitu, nimeolewa juzi tu huku Homa Bay, kando ya ziwa. Na mimi ni msichana wa Kuria, kwetu Isebania, mpakani na Tanzania. Ng'ombe naijua hata ikinipa mgongo. Lakini omena? Zote kwangu zilikuwa na sura moja.

Sasa pale wanawake wanaanika, nyavu zimetandazwa kwa mchanga karibu karibu, na kila mtu anajua yake. Mvua ikaja mbio. Mama mkwe ameenda soko. Nikasema leo nitaonekana bibi wa maana! Nikajaza beseni, nikabeba huku naimba, nikamwaga kwa veranda yetu.

Kumbe ni omena ya jirani, Min Apiyo, yaani mama yake Apiyo.

"Mwizi! Huyu mtu wa mpaka ni mwizi!"

Watu wakajaa, wengine wameshika mawe.

Ndio Dani, nyanya ya bwanangu, akaingia katikati na fimbo yake. Akasema Kiswahili, si Kijaluo, ndio na mimi nisikie.

"Min Apiyo, huyu mtoto umemkuta amejificha wapi?"

"Hajajificha. Ako hapo veranda. Lakini omena ni yangu!"

"Alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa... anaimba."

"Wuololo! Mwizi wa kuimba!"

Watu wakacheka, mawe ikaanza kuanguka chini. Na mimi nikatabasamu. Dani akanigeukia.

"Wewe mtu wa ng'ombe, funga meno. Moyo wako haukuiba, lakini mikono ilichukua. Rudisha. Na zenye zimevunjika, jazia na yetu."

Nikarudisha nikilia. Min Apiyo mwenyewe akanipangusa uso na leso yake.

Basi sikia, mwanangu. Ulimi hauna mfupa, lakini unavunja mtu. Mwenzako akikosa, usikimbilie kumpa jina. Uliza kwanza: alijua? Alitaka? Mwenye alidhani na mwenye alipanga si mtu mmoja, hata kama wamebeba kitu kimoja. Na ukikosa wewe, usijifiche nyuma ya moyo safi. Rudisha cha watu, useme pole.

Mungu akuwekee watu wa kukuuliza kabla ya kukuhukumu. Na siku ya wewe kuhukumu ikifika, akupatie masikio.